Kuendesha msimbo wa mifumo ya mafaili nje ya kerneli ya Linux: mwongozo kamili

Taa ya Caps Lock ilianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nilikuwa nimechomeka flashi ya mtu, flashi ya kawaida tu, kifuniko kimeshikizwa kwa selotepu. Nikabofya folda, na kompyuta nzima ikaganda: kipanya hakisogei, wimbo umekwama kwenye silabi moja, na barua niliyoiandika kwa saa nzima bila kuihifadhi imekwenda na maji. Kutohifadhi barua lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa kumpokea mgeni nisiyemjua na kumpeleka moja kwa moja jikoni.

Jikoni ndiyo kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kwenye Linux, msimbo unaoelewa mifumo ya mafaili (namna za kupanga mafaili kwenye diski) kama ext4, XFS, Btrfs au FAT unakaa ndani ya kerneli, kwenye memori ileile inayotumiwa na draiva, mtandao na kila kitu kingine. Hakuna ukuta kati yao. Namba moja iliyoharibika kwenye diski, msimbo ukaiamini, basi mashine yote inaanguka nayo. Kamba hukatikia pabovu, na kerneli ina mifumo ya mafaili kwa makumi. Mingine inashughulikiwa kila siku, mingine haina mtu anayeijaribu.

Hapo ndipo kazi ya utunzaji inapouma. Kila mara kiolesura cha ndani ya kerneli kinapobadilika, mifumo yote ya mafaili lazima irekebishwe, pamoja na ile ambayo aliyeiandika alishaondoka zamani. ReiserFS, mmoja wa mifumo hiyo, iliingia Linux mwaka 2001 na ilikuwa chaguo la kawaida la SUSE, mojawapo ya Linux zinazosambazwa, hadi mwaka 2006. Ilitangazwa kuwa ya kuachwa kwenye Linux 5.18 mwaka 2022, ikafutwa kabisa kwenye 6.13, Januari 2025, mistari zaidi ya 30,000. Watunzaji wakapumua. Lakini diski za seva za zamani zilizofungiwa kabatini hazikufutwa, na mwenye diski hiyo leo akiichomeka kwenye kompyuta mpya anaambiwa mfumo huo haujulikani.

Kuna njia ya kuwaridhisha wote: chukua msimbo uleule wa kerneli, bila kuuandika upya, uuendeshe kama programu ya kawaida, upande wa mtumiaji, kule kinakoishi kivinjari chako na kicheza muziki. Ukianguka, imeanguka programu moja. Ukizeeka, unabaki na toleo lake bila kumfunga miguu anayeendeleza kerneli mpya. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa mikono yako. Amri nimeziandika kwa Debian na Ubuntu. Kwenye mifumo mingine majina ya vifurushi hubadilika kidogo.

Chagua chombo kwanza

Wengi huchanganya vitu vinne ambavyo kwa nje vinafanana.

Cha kwanza ni programu za FUSE zilizoandikwa upya tangu mwanzo. FUSE yenyewe ni mlango uliowekwa kwenye Linux mwaka 2005 (toleo 2.6.14) ili programu ya kawaida iweze kujifanya mfumo wa mafaili. NTFS-3G ni mfano unaojulikana. Fuse2fs, inayokuja na e2fsprogs, ni mwingine. Zinafanya kazi vizuri, ila msimbo wake si ule wa kerneli. Maana yake kuna vichwa viwili vinavyosoma diski moja, na siku vikipishana maoni kuhusu baiti fulani, wewe ndiye utakayejua. Watu wa XFS walilikwepa hilo mapema: folda ya libxfs ndani ya kerneli ndiyo hiyohiyo inayonakiliwa kwenda xfsprogs, hivyo xfs_repair inafikiri kama kerneli inavyofikiri.

Cha pili ni libguestfs na amri yake ya guestmount. Hiyo inawasha mashine pepe ndogo, inaipa diski yako, kisha inakuletea mafaili. Ukuta wake ndio mnene kuliko yote hapa. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida inatumia kerneli ya usambazaji wako mwenyewe, yaani Debian, Ubuntu au mwingine ulio nao. Kama ReiserFS haimo humo, haimo pia kwenye mashine pepe.

Cha tatu ni LKL, maktaba ya kerneli ya Linux. Octavian Purdila na wenzake huko Romania waliichapisha mwaka 2010. Waliichukulia maktaba ya C kana kwamba ni aina mpya ya kichakataji, kama ARM au x86 ilivyo: kuna folda ya arch/lkl, na pale ambapo kerneli ingeomba kitu kwa chuma, yaani saa, nyuzi au memori, inaomba kwa programu iliyoibeba. Matokeo ni faili moja unaloliunganisha na programu yako, na ndani yake kuna ext4 halisi, XFS halisi, Btrfs halisi.

Cha nne ni UML (User-Mode Linux), kazi iliyoanzishwa na Jeff Dike, ambayo imo ndani ya kerneli rasmi tangu enzi za 2.5 mwaka 2002. Hapa kerneli nzima inajengwa kuwa programu moja iitwayo `linux`, unaiita kwenye dirisha la amri kama unavyoita `ls`.

Ninavyochagua mimi: kusoma diski ya leo ambayo siiamini, LKL. Kusoma mfumo uliokwisha kufutwa, UML ya toleo la zamani. Kurekebisha msimbo wenyewe, UML tena. Diski ninayoishuku kabisa kwamba imetengenezwa kwa hila ili inivamie, guestmount, bila mjadala.

Wenzetu wa NetBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, walifika huku mapema na kwa unadhifu zaidi, kusema kweli. Antti Kantee aliigawa kerneli yao vipande vinavyoweza kuendeshwa nje, akaviita rump, na leo mtumiaji wa NetBSD anaongeza `-o rump` kwenye amri ya mount, basi. Sisi wa Linux bado tunajenga kwa mkono.

Nakala kabla ya lolote

Usifanye kazi juu ya diski yenyewe. Chukua imeji, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja:

```
sudo apt install gddrescue
lsblk
sudo ddrescue -d /dev/sdb diski.img diski.map
sudo chown $USER diski.img
chmod a-w diski.img
sha256sum diski.img > diski.sha256
```

Soma lsblk mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. ddrescue haiandiki juu ya diski usipoipa `--force`, lakini ukitaja diski isiyo yenyewe, itakutii. Faili la diski.map linakumbuka sehemu zilizosomeka na zilizogoma, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile na kazi itaendelea ilipoishia.

Sasa tazama kilichomo:

```
fdisk -l diski.img
```

Ukiona sehemu zimeorodheshwa, kumbuka namba ya unayoitaka. Tuseme ni ya kwanza. Usipoona sehemu yoyote, huenda mfumo wa mafaili unaanzia mwanzo wa diski moja kwa moja, na `blkid diski.img` itakutajia aina yake. Hakuna kilichopachikwa bado, yaani kufunguliwa kama folda. Kama eneo-kazi lako linapachika flashi kiotomatiki mara tu inapochomekwa, izime tabia hiyo kabla hujachomeka, maana vinginevyo mgeni ameshapita jikoni kabla hujaandika amri hata moja.

Kujenga LKL

```
sudo apt install build-essential git flex bison bc libfuse-dev libarchive-dev
git clone --depth 1 https://github.com/lkl/linux lkl
cd lkl
make kernelversion
make -C tools/lkl -j$(nproc)
```

Amri ya `make kernelversion` inakuambia msimbo unaotaka kuutumia ni wa toleo gani. Iandike mahali, baada ya mwaka utajishukuru. Ujenzi unachukua muda wa kutosha kunywa chai, kwenye kompyuta ya zamani chai na maandazi.

Ukimaliza, angalia ndani ya `tools/lkl` kama lklfuse na cptofs zipo. Hapa watu wengi hukwama: ujenzi unaisha bila kosa lolote, lakini lklfuse haipo. Si kasoro. Ujenzi ulitafuta maktaba ya FUSE, haukuiona, ukairuka programu hiyo kimyakimya. Msimbo wa karibuni unaweza kutaka FUSE ya 3. Weka `libfuse3-dev`, kisha `make -C tools/lkl clean` na ujenge tena.

Kujua ni mifumo ipi imeingia:

```
grep -E 'CONFIG_(EXT4|XFS|BTRFS|VFAT)_FS=' .config
```

Kama unaoutaka haupo, tafuta faili la mipangilio ya awali kwa `find arch/lkl -name '*defconfig*'`, ongeza mstari wake mwishoni, futa `.config`, jenga upya, halafu rudia grep. Usiamini kwamba umeingia mpaka uuone.

Kupachika bila root

```
mkdir -p ~/kale
./tools/lkl/lklfuse ~/diski.img ~/kale -o type=ext4,part=1,ro
ls -l ~/kale
```

Angalia vizuri kilichotokea. Hakuna sudo, yaani hukuhitaji ruhusa za root, msimamizi mkuu wa mashine. Kerneli ya kompyuta yako haikuisoma ext4 ya diski ile hata kidogo. Imepokea tu majibu kupitia FUSE. Aliyesoma ni kerneli nyingine, iliyomo ndani ya programu ya lklfuse, na humo ndani hiyo inajiona ni root. Ndiyo sababu unaweza kufungua mafaili ya mtu mwingine yaliyofungwa kwa chmod 600 bila kuulizwa. Kwa kazi ya kuokoa data hilo ni jema, ila ukiwa na diski ya mteja kumbuka kwamba sasa unaona kila kitu chake.

Kwa chaguo-msingi lklfuse huipa kerneli yake memori ndogo. Kwa XFS au Btrfs kubwa ongeza `mb=256` kwenye orodha ya `-o`.

Fanya jaribio hili angalau mara moja, kwa ajili ya moyo wako tu. Dirisha moja liwe linanakili faili kubwa kutoka ~/kale. Kwenye dirisha la pili:

```
pkill -9 lklfuse
ls ~/kale
```

Utajibiwa `Transport endpoint is not connected`. Kerneli nzima imekufa, pamoja na memori yake na mafaili yaliyokuwa wazi, na muziki wako bado unaimba. Safisha kwa:

```
fusermount -u ~/kale
```

(kwenye FUSE 3 ni `fusermount3 -u`) na upachike tena. Ndiyo tofauti yote kati ya siku ile ya selotepu na leo.

Usipohitaji kupachika, unataka folda moja tu, kuna njia fupi isiyohitaji FUSE kabisa:

```
./tools/lkl/cpfromfs -p -i ~/diski.img -t ext4 -P 1 /home ~/zilizookolewa
```

Hiyo `-p` inachapisha maneno ya kerneli wakati inawaka. Utaona mstari wa `Linux version` na mingine inayoufuata ikitiririka kwenye dirisha lako kama matokeo ya programu yoyote, kisha nakala zinaanza. Mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu. Ndugu ya amri hii, cptofs, inafanya kinyume: inaingiza mafaili ndani ya imeji bila root. Watu wa NixOS wanaitumia kutengeneza imeji zao za diski.

Jarida linaloomba kuandikiwa

Hapa pana utelezi. Diski iliyochomolewa ghafla huwa na jarida la mabadiliko ambayo hayajakamilishwa. Ext4 ukiipachika, hata kwa `ro`, kwanza inataka kulicheza jarida hilo, yaani kuandika kwenye diski. Nasi tumeifunga imeji isiandikwe. Matokeo yake kupachika kunagoma, na kwenye maneno ya kerneli unakuta inalalamika kwamba haina ruhusa ya kuandika, ikikushauri utumie `noload`.

Una hiari mbili. Kuliruka jarida:

```
./tools/lkl/lklfuse ~/diski.img ~/kale -o type=ext4,part=1,ro,opts=noload
```

Kwa XFS weka `opts=norecovery`. Utaona diski kama ilivyokuwa bila yale mabadiliko ya mwisho, na baadhi ya folda zinaweza kuonekana nusunusu. Hiari ya pili ni kutengeneza nakala ya kuchezea na kuiacha ijikamilishe:

```
cp --reflink=auto --sparse=always ~/diski.img ~/kazi.img
chmod u+w ~/kazi.img
./tools/lkl/lklfuse ~/kazi.img ~/kale -o type=ext4,part=1
```

Mimi huchagua ya pili karibu kila mara. Mabadiliko ya mwisho ndiyo mara nyingi mwenye diski anayoyalilia. Kama folda yako iko juu ya XFS au Btrfs, nakala hiyo inatengenezwa papo hapo bila kula nafasi.

Na usije ukaipachika imeji moja kwa lklfuse na kwa mount ya kawaida kwa pamoja. Kerneli mbili zinazoandika kwenye diski moja bila kujuana zitaiharibu ndani ya dakika chache, na hakuna atakayekuonya.

Mfumo uliofukuzwa: ReiserFS ndani ya UML

Sasa ile diski ya kabatini. Tunahitaji kerneli iliyotangulia 6.13. Mfululizo wa 6.6 bado unayo ReiserFS, na ni wa muda mrefu, hivyo viraka vyake vinaendelea kutolewa. Chukua tawi lenyewe badala ya toleo la siku ya kwanza, kwa sababu vikompaila vipya hukataa msimbo wa zamani ambao haujarekebishwa:

```
git clone --depth 1 -b linux-6.6.y https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/stable/linux.git linux-6.6
cd linux-6.6
make ARCH=um defconfig
scripts/config -e REISERFS_FS -e HOSTFS -e BLK_DEV_UBD -e DEVTMPFS
make ARCH=um olddefconfig
grep REISERFS_FS= .config
make ARCH=um -j$(nproc)
```

Usiisahau `ARCH=um` kwenye amri hata moja. Ukiisahau mara moja, make inaanza kutengeneza kerneli ya mashine halisi na mipangilio inachanganyika. Tiba ni `make mrproper` na kuanza upya.

Mwishoni unapata faili liitwalo `linux`. Liite hivi:

```
./linux mem=256M rootfstype=hostfs rw init=/bin/bash \
  ubd0=$HOME/mabadiliko.cow,$HOME/diski.img
```

Mstari wa pili ndio ninaoupenda kuliko vyote kwenye mwongozo huu. Faili la .cow linatengenezwa lenyewe, na kila kitakachoandikwa kinakwenda humo. Imeji ya asili inabaki ilivyo. Kwa hiyo ReiserFS inaweza kulicheza jarida lake kwa raha, nawe hujapoteza hata baiti moja ya ushahidi. Usishtuke `ls -l` ikionyesha .cow kubwa kama diski nzima. Amri ya `du` itakuonyesha ukubwa wa kweli. Jambo moja tu: UML inaandika ndani ya .cow saa ambayo imeji ilibadilishwa mara ya mwisho. Ukiigusa imeji kwa `touch` au ukiinakili bila kuhifadhi tarehe, UML itakataa kuviunganisha tena.

Neno hostfs lina maana kwamba mizizi ya kerneli hii ni mafaili ya kompyuta yako mwenyewe, kwa ruhusa zako wewe. Ndiyo maana hukuhitaji kusakinisha Linux nyingine humo ndani. Ukishapata alama ya bash:

```
mount -t proc proc /proc
mount -t devtmpfs dev /dev
mount -t reiserfs -o ro /dev/ubda1 /mnt
tar -C /mnt -cf /home/wewe/kale.tar .
umount /mnt
/sbin/poweroff -f
```

Weka jina lako badala ya `wewe`. Nimetumia tar kwa makusudi. Ukitumia `cp -a`, hostfs itajaribu kubadilisha wenye mafaili, kompyuta itakataa kwa sababu wewe si root wa kweli, na majina ya wenye mali yatapotea. Ndani ya tar yanabaki. Upachikaji huo wa /mnt, /proc na /dev umo ndani ya UML tu; dirisha lako lingine halioni chochote.

Na ukijisahau ukaandika `exit` badala ya poweroff, utapata kishindo cha `Kernel panic`, kerneli ikilia kwamba umeua init, programu yake ya kwanza. Maneno yaleyale ambayo kwenye seva yangekutoa jasho. Hapa yanakurudisha kwenye alama ya amri.

Kwa anayetunza msimbo

Kama wewe ndiye unayeurekebisha mfumo wa mafaili, faida kubwa iko hapa. Kwa njia ya kawaida unarekebisha mstari, unajenga, unawasha upya mashine, unasubiri, inaanguka, unapiga picha skrini kwa simu. Kwa UML unatumia gdb, chombo cha kuisimamisha na kuikagua programu inapoendeshwa, kama kwenye programu yoyote ya C. Hakikisha DEBUG_INFO imewashwa kwenye .config, kisha:

```
gdb --args ./linux mem=256M rootfstype=hostfs rw init=/bin/bash ubd0=...
(gdb) handle SIGSEGV nostop noprint pass
(gdb) break reiserfs_fill_super
(gdb) run
```

Mstari wa handle usiuache. UML inatumia SIGSEGV kama sehemu ya kazi yake ya kila siku, kupanga kurasa za memori. Bila mstari huo gdb itasimama kila sekunde nawe utadhani msimbo umeoza. Ukipachika diski, gdb inasimama pale superbloku (maelezo makuu ya mfumo wa mafaili) inaposomwa, na `bt` inakuonyesha njia yote tangu wito wa mount. Imeji iliyowaangusha watu wengine unaitazama ikikosea polepole, hatua kwa hatua, kwa `next`.

Kwa majaribio madogo kuna KUnit, chombo cha kuujaribu msimbo wa kerneli kipande kwa kipande, ambayo kwa kawaida huendeshwa juu ya UML hiyohiyo:

```
./tools/testing/kunit/kunit.py run --kunitconfig=fs/ext4
```

Tumia nakala safi ya msimbo. Ukiiendesha mahali ambapo ulishajenga kitu, itakuambia usafishe kwanza. Miongoni mwa majaribio utakayoyaona yakipita ni ya tarehe. Ext4 iliazima biti mbili za ziada ili ivuke ukuta wa mwaka 2038, na majaribio hayo yanapima mipaka yote, kuanzia Desemba 13, 1901 hadi Mei 10, 2446. Ukitaka kuuelewa mfumo wa mafaili, anza na jaribio kama hilo: fungua `fs/ext4/inode-test.c`, haribu namba moja, endesha tena, tazama linavyolalamika.

Anayetaka kuitia LKL ndani ya programu yake, tuseme chombo cha kukagua imeji zinazopakiwa na wateja, asome `tools/lkl/cptofs.c` badala ya maelezo yangu. Mpangilio wake ni mfupi: lkl_init, lkl_disk_add, lkl_start_kernel, lkl_mount_dev, halafu unaita lkl_sys_open, lkl_sys_read na wenzake kama ambavyo ungeita open na read. Usisahau lkl_umount_dev na lkl_sys_halt mwishoni, la sivyo yaliyoandikwa yanaweza yasifike kwenye faili.

Ukuta huu una urefu gani

Kompyuta haitaganda, hilo ni kweli. Lakini imeji iliyotengenezwa na mtu mjanja ikifanikiwa kuiteka lklfuse, ina uwezo wote ulionao wewe: funguo zako za SSH, picha zako, barua zako. Na UML yenye hostfs inaziona zote waziwazi. Kwa hiyo tengeneza mtumiaji wa kazi hii pekee:

```
sudo useradd -m -s /bin/bash msomaji
sudo chmod 700 /home/$USER
```

Ingia kama msomaji, peleka imeji kwake, fanya kazi huko, chukua tar pekee. Wengine hupenda kuifunga zaidi kwa systemd. Ni wazo zuri, ila ukiweka NoNewPrivileges, lklfuse haitaweza kupachika, kwa sababu fusermount inahitaji kupandishwa ruhusa kidogo. Kwenye hali hiyo tumia cpfromfs, ambayo haihitaji fusermount.

Kuhusu kasi, usitegemee miujiza. Kila ombi kupitia FUSE linavuka mpaka kwenda na kurudi, na ndani ya LKL kichakataji ni kimoja tu hata kama mashine yako ina kumi na sita. Kwa kuokoa mafaili ya harusi ya mtu inatosha. Kwa hifadhidata inayoandikwa mchana kutwa, hapana. Na msimbo uliogandishwa kwenye toleo la zamani utumie kusoma. Kuendelea kuandika data mpya kwenye ReiserFS mwaka huu, kwa njia yoyote ile, ni kujitafutia safari ya pili ya kabatini.

Ukishapata kale.tar, ihakiki kabla ya kurudisha diski kwa mwenyewe:

```
tar -tvf kale.tar | less
sha256sum -c diski.sha256
```

Ya pili ikijibu `OK`, imeji haikuguswa tangu ulipoichukua. Pitia orodha ya ya kwanza na mwenye diski akiwa pembeni yako, maana yeye ndiye anayejua faili lipi halipo.